Ncha ya Kanga

Mwanaidi alilala kwenye kitanda cha daktari, kanga imemfunika hadi kidevuni, ncha yake ameing'ata. Ndivyo alivyofundwa na somo yake, kungwi wake, kabla ya harusi: ikiuma, ng'ata kanga, nyamaza. Miaka yote ya ndoa amenyamaza, na maumivu ya tumbo yamezidi tu.

Daktari Raya alimpa kifaa akishike kwanza. "Nitatazama mlango wa kizazi kwa hiki. Kitakubana kidogo. Ukisema basi, naacha."

Maneno matupu hayo, aliwaza Mwanaidi. Kifaa kilipomgusa, hata hakijauma, aliitema ncha ya kanga.

"Basi!"

Daktari aliacha. Alikiweka kifaa pembeni, akakaa kitini, mikono mapajani, akingoja. Wala hakununa.

Machozi yalimtoka Mwanaidi. "Kumbe inawezekana."

"Nini, dada'angu?"

"Mtu kuacha."

Daktari Raya alisogeza kiti karibu. Alimshika mkono, mpaka pumzi zake zikatulia.

"Haya, daktari," alisema Mwanaidi. "Endelea."

Ile ncha iliyolowa mate aliikunjua taratibu kifuani, na upepo wa dirishani ukaanza kuikausha.