Jina Katika Madaftari Mawili

"Mtu mmoja, madaftari mawili! Ngollo, mama yako kajizaa pacha?"

Bwana Damas, mkaguzi kutoka wilayani, aliweka kidole juu ya jina la Siwema binti Shilinde. Karani Ngollo jasho likamtoka.

Kazi yake mwaka ule wa kuhamia vijijini ilikuwa nyepesi kuisema. Akiandika jina kwenye daftari la kijiji kipya cha Ujamaa, akate lile la kule walikotoka. Kuhamisha, siyo kunakili. Jina likishakatwa, mgambo wanakwenda kulitia moto boma, mwenyewe asije akarudi. Kaya mia na arobaini alizihamisha hivyo, na moshi wake akauona.

La mama yake alilinakili. Kule libaki, boma lisichomwe. Huku liwemo, utoke mgawo wa mahindi, maana mvua zilikuwa zimegoma na hakuna aliyekuwa na unga wa ziada.

Kila Jumapili alipanda baiskeli na kimfuko cha unga, maili tisa hadi kwa mama yake, nyuma ya Bukene. Mkewe, Apolinaria, alisema mpaka akachoka.

"Baba Lugembe, watoto wanalamba sufuria, na unga unampelekea yeye!"

"Mama akinuna, nyumba hii haitapona."

Sasa alipiga magoti mbele ya mkaguzi. "Mzee, kata la huku. Mahindi basi. La kule niachie, nakuomba."

"Bibi wa watu abaki porini peke yake, fisi wamle?" Bwana Damas hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililommaliza Ngollo. "Tunakwenda kumchukua sasa hivi. Atakaa mbele, kwenye kiti changu."

"Hahamishiki, mzee."

"Lo! Kila mtu anahamishika."

Landrova ilifika saa kumi, mgambo wawili wamepanda nyuma. Uwanja ulikuwa umefagiwa vizuri. Bwana Damas alivua kofia, akapaza sauti.

"Hodi! Shikamoo, mama!"

Akangoja. Akatazama huku na huku akitafuta nyumba, asiione. Palikuwa na kibanda cha nyasi tu, kimo chake magotini, kimejengwa juu ya kaburi, na mlangoni pake unga uliokorogwa kwa maji.

Bwana Damas akavaa kofia. Akalikata jina katika madaftari yote mawili, kisha akawaomba mgambo kiberiti.