Shikamoo ya Sangara

Ziwa lilikuwa dogo, na wavuvi walitupa humo vyura wa mpira wenye ndoana tumboni. Samaki wenye pupa wakaisha. Sangara peke yake alinenepa.

"Mimi naamkia kwanza," alimtambia Kambare. "Chura wa kweli hawezi kuiacha shikamoo ipite hivihivi. Akiitikia, namla. Akinyamaza, huyo ni mpira."

Chura Mabaka, aliyependa heshima kuliko nzi, aliyasikia hayo kutoka kwenye jani lake la yungiyungi.

Kesho yake Sangara akaja. "Shikamoo, mzee!"

Koo lilimwasha Mabaka, lakini akajikaza, kimya.

"Mpira mtupu," Sangara akasonya.

Mara, tubwi! Chura mwingine akaanguka kando ya jani, mnene, anang'aa.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, mwanangu!" akaitikia Mabaka, amejibanza nyuma ya mgeni.

Sangara akammeza mgeni mzimamzima. Uzi ukakaza, akaanza kuvutwa ufukweni.

"Shikamoo, Sangara!" Mabaka akamwita.

Sangara, kinywa kimejaa, hakuitikia.

"Umeona?" Mabaka akamwambia Kambare. "Kumbe naye ni mpira."