Umri wa Wagonjwa wa Mama Suzanne

Katika kituo cha afya cha Mama Suzanne hakukuwa na mtu wa miaka arobaini na moja. Wala thelathini na tatu. Wala hamsini na nane. Kwa mujibu wa ripoti zake, watu wa kijiji kile cha kando ya ziwa walikuwa na miaka ishirini, wakalala, wakaamka wana ishirini na tano.

Tania, mwandishi wa habari, aliligundua jambo hilo akipitia ripoti za ofisi ya afya kwenye kompyuta ya kituo cha redio, mjini Baraka, akapiga kelele hadi shefu wake, Patrice, akamwaga chai.

"Angalia umri ya hawa bagonjwa ba malaria, shefu. Yote inaishia na sifuri ao tano. Mwaka muzima!"

Patrice aliinama mbele ya kioo cha kompyuta, akasoma, akaguna.

"Hawa si bantu, mutoto yangu. Hii ni hesabu ya kukaa ku meza. Na dawa zake, utazikuta ku soko ya Misisi zinauzwa."

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Dawa za malaria zilizofika mwezi ule zilikuwa chache. Zingetosha kituo kimoja tu: cha Suzanne, au cha muuguzi mwenzake Bonaventure, juu mlimani, ukishapita Fizi. Daktari wa ofisi ya afya, aliposikia kwamba redio inachunguza, alisema atasubiri kipindi kirushwe ndipo apakie gari.

Tania akafungua ripoti za Bonaventure. Zilipendeza. Mgonjwa wa miaka thelathini na saba. Wa arobaini na moja. Wa sabini na mbili. Hata watoto wachanga walihesabiwa majuma yao.

Bonaventure mwenyewe alifika redioni kesho yake, mvua ikinyesha bila huruma. Suruali ilinyooshwa, viatu vilikuwa vyeupe. Patrice alivitazama, kisha akavificha vya kwake chini ya kiti.

"Unaona, Tania? Muntu ya usafi, hata hesabu yake iko safi."

"Mi nabembeleza mugonjwa mupaka anakumbuka," alisema Bonaventure kwa unyenyekevu. "Umri ya muntu ni kitu ya heshima."

Siku iliyofuata Tania akaenda kwa Suzanne bila taarifa. Foleni ilitoka mlangoni ikapita mpaka kwenye ndagala, samaki wadogo wa ziwa, zilizoanikwa. Alianza na bibi mmoja aliyekaa mwanzo wa benchi, amejifunika kitenge hadi masikioni.

"Mama, uko na myaka ngapi?"

"Makumi sita."

Nyuma ya bibi alisimama mwanamke aliyemshika bega.

"Na weye?"

"Makumi tano na tano. Huyu ni mama yangu."

"Alikuzaa akiwa na myaka tano?"

Foleni nzima ikacheka. Bibi akacheka kuliko wote, homa na yote.

"Niliamuka mapema," akasema.

Suzanne akatoka ndani, glavu mikononi. "Madame wa redio, unanichekeshea bagonjwa, homa itapanda."

"Mama Suzanne, mbona hesabu yako iko hivi? Mama anapita mutoto myaka tano?"

"Mi naandika kile muntu ananiambia. Unataka niwafungue kinywa niangalie meno, kama ng'ombe?"

"Bonaventure anaweza. Yeye anajua mupaka mwaka wa mwisho."

Suzanne alivua glavu, moja baada ya nyingine. Alionekana kuumia.

"Basi umuulize namna anafanya," akasema. "Utarudi utanifundisha. Lakini ku redio useme pole pole. Dawa yenye imebaki ni ya hawa unaona. Wakikuja wengine kesho, nitawapa maji."

Tania alimwonea huruma. Lakini huruma si hesabu. Jioni Patrice aliandika kichwa cha kipindi, akakisoma kwa sauti ya habari kubwa: "Vituo viwili, kimoja kinapima, kimoja kinakisia!" Kilichokosekana ni sauti tu: Bonaventure akiuliza umri, watoto wakilia, vikohozi viwili vitatu. Walimpigia simu. Haikupita. Kule juu, mtandao ni wa shida.

Asubuhi Tania akapanda pikipiki ya Guy, kijana aliyezijua njia zote za Fizi. Guy alimuuliza mara mbili kama kweli ni kule anaenda.

"Ni kule. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada," alijibu Guy, akawasha.

Matope yaliwapokea kabla ya Fizi na hayakuwaacha tena. Mara waliendesha, mara waliisukuma pikipiki, mara ilikuwa kama wanaibeba. Walipofika juu, Tania alikuwa mwekundu mpaka kope. Alikuta mwanamke wa pale mlimani, jina lake Uwamwiza, ameegemea fimbo pembeni mwa njia.

"Mama, natafuta kituo cha afya cha Bonaventure."

Uwamwiza alionyesha kwa kidevu nyumba ya matofali yenye mabati mapya, mlango umefungwa kwa kamba. Tania akawasha kinasa sauti, akakiweka tayari, akataka sauti ianzie mlangoni. Uwamwiza, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akatangulia, akafungua kamba.

Wakatoka mbuzi watatu, na mtoto wao mmoja.

Tania alisimama, kinasa sauti mkononi, taa yake nyekundu ikiwaka.

"Na ninyi," aliuliza hatimaye, "mukigonjwa munaenda wapi?"

Uwamwiza alimtazama kama anayeulizwa jua linatokea wapi.

"Si tunashuka ku ziwa," akasema, "kwa Mama Suzanne."