Mahali pa Kukata

Mchoraji alipoigeuza modeli ya nguzo ya bomba la chuma kwenye kompyuta, aliona kuta zake zimekuwa nyembamba kama bati. Jana zilikuwa nene.

"Nani ameigusa hii?"

"Mimi," alisema shemeji yake, mwenye karakana, huku akiguguna paja la kuku. "Chuma kimepanda bei."

"Nguzo hii itabeba tangi la maji, Shemeji. Chini yake watacheza watoto wa chekechea."

"Mkaguzi haangalii modeli, anaangalia karatasi, mchoro wa ndani ya nguzo pale ulipoikata. Kwa hiyo usikate hapa katikati." Kidole chake kiligusa kioo, kikapanda na kugusa tena. "Kata huku juu, kwenye kiungo. Ndani yake mna bomba jingine, kwa hiyo mchoro utaonyesha ukuta mnene. Dada yako alinisifia akili zako, hakuniambia una kiherehere."

"Na jina langu ndilo litakaa chini ya mchoro?"

"La nani tena? Chapa, mkaguzi keshafika."

Alitoka akijifuta mdomo kwa kiganja.

Kwenye kioo yalibaki madoa mawili ya mafuta. Lile la katikati lilikuwa limenasa kipande cha ngozi ya kuku, kikiteleza chini polepole. Mchoraji hakupangusa kioo.

Alishika mstari wa kukatia, akaushusha kutoka kwenye kiungo mpaka kwenye doa lile la katikati, akachapa.

"Tayari?" shemeji aliita kutoka ukumbini, akicheka na mkaguzi.

"Tayari, Shemeji. Naileta mwenyewe."