Ncha Chini

"Andika jina vizuri," mama mkwe alisema, amekaa mlangoni kama kufuli. "Ni mama yako huyo. Hutaki ajue umetulia kwako?"

Mkazamwana alishika kalamu. Jogoo alikuwa amekufa miezi miwili iliyopita, lakini kila boksi lililotoka nyumba hii lilikwenda na maneno yaleyale, kwa mwandiko wake: *Mayai yana mbegu*. Waliolalamika kuwa hayakuanguliwa waliambiwa basi liliyatikisa njiani. Sasa mama yake mzazi ameagiza thelathini, awaatamishe kuku wake watatu.

"Nimpigie nimsalimie kidogo?"

"Simu haina chaji. Funga mzigo, basi halimngoji mtu."

Simu ilikuwa kwenye pindo la kanga ya mama mkwe, kama siku zote.

Akaanza kupanga. Kazi hii alifundishwa na mama yake kabla hata hajajua kusuka nywele. Ncha chini, mwanangu, hewa ya kifaranga iko kule kwenye upana. Alipokosea yai moja tu, mama yake aliyatoa yote kwenye trei na kumwambia aanze upya.

Mkono ulisita. Kisha akaligeuza yai la kwanza, ncha juu. Akaligeuza la pili.

"Mbona unajivuta?"

"Nayapanga vizuri, mama."

Alipoweka la thelathini, mama mkwe aliinuka, akaja kuchungulia. Alitazama safu moja baada ya nyingine, kidole kikipita juu ya ncha zote zilizosimama.

"Kweli ulifundwa wewe," akasema. "Haya, funika."