Mkono Usiouma

Siku hizi mtoto akiumia, maumivu humpata mama yake. Mwenyewe haumwi hata kidogo. Ndiyo maana Nyamizi, akiwa anasonga ugali, alipohisi mfupa wa mkono umevunjika karibu na kiganja, aliuangusha mwiko akamwita mwanawe Kulwa kutoka uani. Mtoto akaapa kwamba hajaanguka. Kila mara huapa hivyo, na kila mara huchapwa kwa kusema uongo.

Kwenye kliniki, daktari aliubonyeza mkono wa Kulwa kuanzia kiwikoni mpaka vidoleni, macho yake yakimtazama mama.

“Hapa, Mama Kulwa?”

“Hapana.”

“Na hapa?”

“Hapana! Lakini mkono unaniuma, daktari, unauma kama umepinda.”

Kulwa alikuwa anacheka kwa kutekenywa. Picha ya mifupa nayo ikatoka safi.

Daktari aliuachia ule mkono taratibu. “Una mtoto mwingine?”

“Pacha wake, Doto, alizaliwa maiti. Ndivyo mlivyoniambia hapa. Sikuonyeshwa.”

Daktari akainamisha uso.

Mkono ukamchoma Nyamizi tena, zaidi kuliko mwanzo. Huko aliko, Doto alikuwa bado anacheza, na hapakuwa na wa kumwambia aache.