Radi ya Kuagiza

Ajenda ya nne ya kamati ya shule ilikuwa kuagiza radi.

Mwalimu mkuu, Philomena, alimwambia katibu aandike "mengineyo", maana mihtasari husomwa na wakubwa. Katekista, ambaye naye ni mjumbe, alitoka nje kupokea simu ambayo hakuna aliyeisikia ikiita. Waliobaki wakanyoosha mikono.

Philomena hakuwa mtu wa waganga, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Waya wa shaba wa kukinga radi, mita arobaini, uliofungwa juu ya madarasa mwezi Julai, ulikuwa umekatwa na kubebwa. Mvua za vuli zilishaanza kunguruma, na chini ya yale mabati walisoma watoto mia sita. Mwaka juzi radi iliua ng'ombe wanne wa jirani kwa mpigo mmoja, hatua chache kutoka darasa la pili. Tangu hapo kila wingu jeusi lilimtoa nje kulitazama. Taarifa ya wizi ilishapelekwa kunakohusika, ikapokelewa vizuri, ikakaa.

Aliyekasirishwa na uamuzi huo kuliko wote ni Paschal, mtaalamu wa maafa kutoka Bariadi mjini. Ndiye aliyesimamia ufungaji wa waya, na ndiye aliyewafundisha wanakijiji siku mbili nzima kwamba radi ni umeme tu, haitumwi na mtu wala haijui mwizi ni nani. Alikuja na pikipiki yake siku hiyohiyo.

"Mwalimu, unatuaibisha," alisema. "Kilo kumi na nane za shaba hazirudishwi na mzee mwenye usinga. Andika barua, tutakuweka kwenye bajeti ijayo."

Bajeti ijayo ilikuwa Julai. Philomena alifikiria mvua zote zilizokuwa njiani kabla ya Julai, akamtumia nauli Mzee Masunga, mganga wa radi wa kijiji cha Kimali.

Masunga alifika siku ya mnada, koti la suti juu, kandambili chini. Kipaza sauti aliazima kwa muuza dawa za kupe. Bila kupandisha sauti, alitangaza kwamba aliyechukua waya ana siku tatu. Ijumaa jioni radi itamfuata. Jina hana haja nalo, alisema, kwa sababu radi hufuata shaba.

Macho ya watu yakamwendea Limbu, mnunuzi wa vyuma chakavu, naye akaanza kukunja turubai lake kabla hata jua halijageuka. Philomena akaona, akaweka moyoni.

Paschal, aliyekuja kushuhudia upuuzi kwa macho yake, alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akamuuliza mzee, kwa ajili ya ripoti, kama shaba ikishauzwa radi humfuata muuzaji au mnunuzi.

"Wote, bhabha," Masunga alijibu. "Huanza na muuzaji."

Ijumaa wingu lilitanda tangu saa nane mchana. Philomena aliwaruhusu watoto mapema, akabaki ofisini na rozari mkononi, akimwomba Mungu msamaha na waya kwa pamoja. Aliogopa, na aliona haya kwa kuogopa.

Mvua ilipoanza kumwagika na ngurumo ya kwanza kupiga, alisikia pikipiki ikikata kona ya shule kwa kasi. Limbu huyo, alijisemea, akatoka barazani.

Mtu alishuka akiwa amelowa chapachapa, akaburuta gunia zito la pamba, akalitua miguuni pake. Mikunjo ya shaba ikachomoza mdomoni mwa gunia. Akahangaika na kamba ya helmeti, kisha akaivua.

"Mpigie yule mzee simu, Mwalimu," alisema Paschal, macho yote mawinguni. "Mwambie nimeukomboa wote."